Kitabu Alichokipendekeza Mama Chiriku

Maktaba ilijaa mpaka watu wakakalia vizingiti vya madirisha. Mkuu wa maktaba alikuwa ametangaza wiki nzima kwamba Jumamosi hiyo wafanyakazi wote, kuanzia yeye mwenyewe hadi mlinzi wa getini, wangesimama mbele ya wasomaji na kila mmoja kueleza kitabu anachokipenda kuliko vyote. Aliahidi kitabu kwa kila umri: cha mtoto wa kubebwa, cha mwanafunzi, cha kijana anayehangaika na kazi, cha mtu mzima aliyechoka, na cha mzee ambaye macho yameanza kumgomea. Watu waliliamini neno lake, wakaja na familia zao. Wazee walipewa nafasi karibu na feni. Vijana waliegemea rafu mpaka Mkuu akawaomba kwa upole wasije wakamwangushia kamusi.

Dada wa chumba cha watoto ndiye aliyefungua. Alileta kitabu cha mbuzi aliyekataa kuoga, akamwigiza mbuzi mwenyewe kwa sauti ya kweli kabisa, hata mtoto mmoja akaangua kilio na kutolewa nje. Akafuata Mzee Magazeti, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndiye aliyepanga na kufunga magazeti tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Yeye aliwapendekezea wazee wenzake kitabu cha ufugaji wa nyuki.

"Nimekisoma hiki nikakirudia, nikakirudia tena," alisema, "na hadi leo sina hata nyuki mmoja. Lakini nalala vizuri."

Watu walicheka. Ndipo Mkuu akamwita Mama Chiriku.

Huyu alikuwa ndiye mwanamke wa kaunta ya kuazima, na mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja. Ukimfikia ukamwambia hujui usome nini, hakukuuliza unapenda vitabu gani. Alikuuliza umeamkaje. Kisha alipotea kati ya rafu, akarudi na kitabu mkononi, na mara nyingi kitabu hicho kilikufaa kuliko ulivyotarajia. Siku hiyo alivaa gauni lake la buluu alilolipiga pasi mara mbili. Mstari wa mbele alikaa binti yake, miguu ikining'inia kitini, mwenye umri wa miaka kumi na moja, ambaye Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa ila lilimganda kwa sababu aliamka akiongea na kulala akiongea.

"Mimi nimepewa wasomaji wa umri wa huyu binti yangu," alisema Mama Chiriku, na Chiriku akageuka nyuma kuhakikisha watu wamesikia. "Nimewaletea kitabu cha msichana ambaye baba yake alikwenda kuchimba madini asirudi. Kijijini wote walimwambia amekufa, mwache apumzike. Akafunga nguo zake kwenye kitambaa, akaondoka asubuhi peke yake kwenda kumtafuta. Sitawaambia kama alimpata. Nitawaambia tu kwamba usiku niliomaliza kukisoma, sikuzima taa."

Alisoma ukurasa mmoja. Alisoma vizuri, bila kuigiza, akiacha maneno yafanye kazi yenyewe, na chumba kikatulia. Alipofunga kitabu aliuliza kama kuna mwenye swali. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Chiriku.

"Mama… samahani, dada mkutubi." Watu walicheka. "Alijuaje kwamba baba yake hajafa, wakati watu wazima wote walimwambia amekufa?"

"Swali zuri sana hilo," alisema Mama Chiriku, na uso wake ulijaa furaha. "Alijua kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kaburi."

Chumba kizima kiliguna. Kisha makofi yakapigwa, mazito, na Mkuu akamwinamia sikioni, "Umetuua, dada, umetuua." Watoto walijipanga kaunta wakikigombea kitabu hicho, na Mama Chiriku akarudi kwenye kiti chake kuwaandikia, huku akiwasihi wasisukumane.

Katika makofi yale yote hakuona kwamba binti yake hakupiga makofi. Chiriku alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, midomo imefumba.

*

Nyumbani kwao hapakuwa mbali na maktaba. Bibi, mama yake Mama Chiriku, alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo zilizokauka. Alisikia mlango, akangoja maneno. Kwa kawaida maneno yalimtangulia Chiriku ndani. Siku hiyo hayakuja. Bibi aliinua kichwa, akamwona mjukuu wake amesimama mlangoni kama mgeni.

"Umepigwa?" aliuliza.

"Bibi, kaburi la baba liko wapi?"

Bibi aliendelea kukunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Mama yako yuko wapi?"

"Maktaba. Liko wapi?"

Kwa miaka yote hiyo Bibi hakuwahi kuutia uongo ule kinywani mwake. Binti yake aliusema, naye aliunyamazia. Kila mara mtoto alipotaja "marehemu baba," Bibi aliomba chumvi, au alikumbuka kwamba kuna sufuria jikoni. Lakini hakuwahi kuulizwa uso kwa uso. Alimtazama mtoto, akaona kwamba hakuna sufuria itakayomwokoa.

"Halipo," alisema.

"Limefutika?"

"Halipo kwa sababu hajafa."

Chiriku alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyeambiwa utani usioeleweka, na kilipokwisha uso wake ulibaki wazi, hauna kitu. "Nani hajafa?"

"Baba yako. Ni fundi viatu. Ana kibanda nyuma ya stendi ya mabasi, cha mwisho ukitokea upande wa choo. Nilipeleka kiatu changu bila kujua kibanda ni chake, nikamkuta. Hakunitambua, na mimi sikusema kitu." Bibi alinyoosha mkono. "Njoo ukae hapa. Mama yako akirudi tutazungumza wote watatu."

Mtoto hakusogea. Alikwenda jikoni, akanywa maji, akatulia, akanywa tena. Alivua gauni la kwendea maktaba, akavaa la manjano la kila siku. Alivaa sandali zake, zile ambazo ukanda mmoja ulikuwa umeanza kuachia.

"Unakwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Kwa mama."

Bibi akaamini, kwa kuwa ndiko ambako mtoto yeyote angekwenda. Alibaki kitandani na shuka mapajani, akiungoja mlango ufunguke na ghadhabu ya binti yake iingie.

*

Mlango ulipofunguka, Mama Chiriku aliingia akiimba. Alikuwa amebeba mfuko wa machungwa, na gauni la buluu lilikuwa limekunjamana kwa kukumbatiwa na watu.

"Mama, ungekuja! Nimepigiwa makofi mimi! Mkuu amesema kila mwezi tufanye hivi. Chiriku! Njoo uchukue machungwa." Alitua mfuko mezani. "Yuko wapi huyu?"

"Si alikuja kwako?" alisema Bibi.

"Kwangu saa ngapi? Aliondoka kabla ya wote."

"Alirudi. Akabadili nguo. Akasema anakuja kwako."

Walitazamana. Chungwa moja lilijiviringisha, likaanguka, na hakuna aliyeliokota. Mama Chiriku alikimbilia kwa jirani wa kulia, kisha kwa jirani wa kushoto. Alikwenda dukani, akaenda kisimani, akaenda kwa rafiki wa Chiriku anayekaa ghorofa ya tatu, ambaye mama yake alifungua mlango kwa tabasamu, "Ah, dada wa maktaba! Tumekisifu hicho kitabu chako njia nzima," kisha tabasamu likamwisha alipouona uso aliokuwa akizungumza nao. Msichana wake alitoa kichwa nyuma ya mama yake.

"Chiriku hajaja hapa," alisema. "Labda ameondoka na nguo kwenye kitambaa, kama yule wa kwenye kitabu."

"Hebu nyamaza wewe!" mama yake alimkemea, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mama Chiriku alishuka ngazi zote akiwa ameshika ukuta. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Chini alimkuta Bibi, amejifunga mtandio ndani nje.

"Twende polisi," alisema Mama Chiriku.

Bibi alitaka kusema pale pale, na nafsi yake yote ilimsukuma aseme. Lakini alimwona binti yake alivyoushika ukuta akaogopa, na woga huo uliwapotezea muda wote uliofuata.

*

Askari wa zamu alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya usingizi. Aliwakaribisha kwenye benchi, akavuta karatasi, akaomba radhi kwa kalamu ambayo wino wake ulikuja na kuondoka.

"Alivaa nini?"

"Gauni la…" Mama Chiriku alisita. Alilokuwa amevaa maktaba alilijua. Alilobadili hakulijua. "Mama, alivaa lipi?"

"La manjano," alisema Bibi.

"Wewe ndiye mama mzazi?" askari alimuuliza Mama Chiriku, bila ubaya, lakini watu wawili waliokuwa wakingoja nyuma yao walimtazama, naye aliona aibu ikimpanda shingoni.

"Ndiyo, mimi. Nilikuwa kazini."

"Kazi gani?"

"Maktaba."

"Aa. Nyinyi ndio mliokuwa na sherehe leo, kelele zilifika mpaka hapa." Akaandika. "Mmegombana? Alipigwa? Ana tabia ya kuzurura?"

"Hapana. Hapana. Ni mtoto mzuri. Anaongea sana, basi."

"Baba wa mtoto?"

"Marehemu," alisema Mama Chiriku. Lilitoka bila kufikiri, kama ambavyo mtu husema tarehe yake ya kuzaliwa.

Askari akainamia karatasi kuandika. Bibi alinyoosha mkono wake uliokunjamana akaufunika mkono wenye kalamu.

"Usiandike hivyo," alisema. "Yuko hai."

Mmoja wa wale waliokuwa wakingoja alijisogeza mbele kwenye benchi.

"Mama," alisema Mama Chiriku kwa sauti ya chini sana.

"Yuko hai, na mtoto anajua. Mimi nimemwambia leo. Amekuja kuniuliza kaburi la baba yake liko wapi, nikamwambia hakuna kaburi. Anashona viatu nyuma ya stendi. Nadhani ndiko aliko."

"Stendi ipi?"

"Hii yetu."

Mama Chiriku alisimama, akakaa tena. Katika miaka yote hiyo alikuwa akiamini kwamba mtu huyo amevuka mpaka, kama alivyosema atafanya alipofunga sanduku lake. Alimzoea akiwa mbali hivyo, mbali kiasi cha kuwa hakuna tofauti na kufa. Stendi aliipita kila siku. Alinunua vocha pale. Aliwahi kusimama pale na Chiriku, mvua ikinyesha, wamejikinga chini ya mabati ya vibanda.

Askari aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mama yangu," akamwambia Mama Chiriku, "marehemu hashoni viatu." Nyuma yao mtu alicheka puani. Askari akamtupia jicho, yule akajitia kukohoa. "Nendeni huko kwanza. Msipomkuta rudini, nitatoa gari."

Nje, Mama Chiriku alikwenda mbio kiasi kwamba Bibi alibaki nyuma. Alipogeuka kumngoja, maneno yalimtoka yote pamoja.

"Ulinisubiri nisimame mbele ya polisi! Mbele ya watu! Ungenivua nguo kabisa basi! Kwa nini hukuniambia tangu nyumbani?"

"Niliogopa."

"Na yeye kwa nini ulimwambia? Nani alikutuma?"

"Aliniuliza," alisema Bibi, akihema. "Mara moja tu aliniuliza, nikamjibu. Nilishindwa kumtazama machoni nikasema kaburi lile pale."

Mama Chiriku alitaka kujibu. Lakini alisikia sauti yake mwenyewe ya asubuhi, tulivu, yenye kujiamini, ikisema hakuna aliyemwonyesha kaburi, na watu wakipiga makofi.

"Ni mimi niliyemfundisha," alisema. "Mama, ni mimi. Kwa mdomo wangu."

Bibi hakumbembeleza. Alimshika kiwiko, wakaendelea kwenda.

*

Kibanda cha mwisho kilikuwa na paa la bati na benchi fupi. Fundi alikuwa ameinama, kiatu amekivisha kwenye kipande cha chuma, misumari midogo ameibana midomoni. Alikuwa amenenepa. Nywele zilikuwa zimempungua mbele. Mama Chiriku alimjua kwa mgongo kabla hajaona uso, na hasira ikamjaa kwa kuona kwamba bado anaujua mgongo ule.

"Mtoto yuko wapi?"

Fundi aliinua kichwa. Ilimchukua muda. Kisha misumari ilimdondoka midomoni, mmoja mmoja, juu ya magazeti aliyotandika miguuni.

"Wewe," alisema.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Wa kwangu! Amekuja hapa leo. Gauni la manjano."

Mteja aliyekuwa kwenye benchi, kijana mwenye soksi bila viatu, alitazama huku na huku akaamua kutazama mabasi. Fundi alisimama taratibu. Alimwona Bibi nyuma, akamsalimia, "Shikamoo mama," na Bibi akaitikia, kwa kuwa salamu huitikiwa hata pale.

"Kuna mtoto alikuja," alisema Fundi. "Ukanda wa sandali ulimkatika. Nikamshonea. Alikaa hapo kwenye benchi muda mrefu, hata nikashangaa, maana kazi nilikuwa nimemaliza. Alikuwa akinitazama tu. Nikamuuliza umetumwa? Akasema hapana. Akaniuliza hii kazi nilijifunza wapi. Akaniuliza kama gundi inanuka hivyo siku zote. Akaniuliza kama nina watoto, nikamwambia…"

Mkono wake ulibaki hewani na nyundo. Aliutazama kama si wake.

"Ukamwambia nini?" alisema Mama Chiriku.

Fundi aliiweka nyundo chini. "Ndiye yeye?" aliuliza. "Kumbe ulizaa msichana?"

Swali hilo lilimkata Mama Chiriku maneno yote aliyokuwa amejiandalia njiani. Miaka kumi na moja ya homa, meno, michezo ya kuruka kamba, viatu vilivyokuwa vikimbana kila baada ya muda, na mtu huyu hakujua hata hilo. Hakuwa ameuliza mtu yeyote. Alitamani kumpiga, akaona kwamba hana nguvu hata ya kuinua mkono.

"Alikwenda upande gani?" Bibi ndiye aliyeuliza.

"Sikuangalia," alisema Fundi. Aliinamisha kichwa. "Kuna msichana mwingine alikuja na viatu vya shule, nikageuka kumhudumia. Nilipogeuka tena, hayupo."

Simu ya Mama Chiriku ililia. Alikuwa Mzee Magazeti, akizungumza kwa sauti kubwa kama alivyofanya kila mara kwenye simu, hata Fundi akasikia. "Mwanamke, binti yako yuko huku maktaba! Nimemkuta amekaa kwenye ngazi, nimemwingiza ndani. Hasemi neno. Huyu wa kwetu, hasemi hata neno moja. Amepatwa na nini?"

Mama Chiriku alikaa chini. Hapakuwa na nafasi kwenye benchi, akakaa vumbini na gauni lake la buluu, akalia kwa sauti, na watu wa stendi wakasimama kutazama. Bibi alimwinua. Fundi alichukua hatua moja mbele.

"Nije?" alisema.

"Kama unauliza," alisema Bibi, "baki."

Akabaki.

*

Maktaba ilikuwa imefagiliwa. Viti vilipangwa juu ya meza, na ilibaki taa moja upande wa magazeti. Mzee Magazeti alimwonyesha Mama Chiriku kwa kidole, kisha akamchukua Bibi kwa heshima na kumkalisha kwenye kiti chenye mto, akajifanya ana kazi mahali pengine.

Chiriku alikuwa sakafuni, mgongo kwenye rafu. Mama yake alikaa kando yake. Alitaka kumkumbatia, mtoto akajikaza kama ubao, akamwachia.

"Umekula?"

Chiriku alitazama sandali zake.

"Nimetoka huko. Nimemwona."

Chiriku alivuta ukanda wa sandali yake, ule mpya, akauachia. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, kavu. "Aliniita mwanangu."

Mama Chiriku alimgeukia. "Alikutambua?"

"Hapana. Alisema, 'Haya mwanangu, leta kiatu.' Mimi nikafikiri amejua. Nilifurahi, mama. Nilifurahi mpaka nikashindwa kuvua kiatu. Halafu akaja msichana mwingine. Na yeye akamwambia, 'Haya mwanangu, leta kiatu.'" Akauvuta tena ule ukanda. "Anawaita wote."

Mama Chiriku aliziba mdomo kwa kiganja.

"Kabla ya hapo nilimuuliza ana watoto wangapi. Akasema wawili, wavulana. Akasema wavulana hawana taabu."

Mabasi yalisikika mbali. Mzee Magazeti alikohoa, akanyamaza haraka.

"Kwa nini ulisema amekufa?"

Mwanamke huyu aliyewatafutia watu wote maneno ya kuwafaa alijikuta hana lake. "Aliondoka ukiwa tumboni," alisema mwishowe. "Alisema hakuwa tayari. Sikujua utakuwa mtoto wa kuuliza. Ulianza kuongea mapema, na siku moja naosha vyombo ukaja ukanivuta nguo, ukasema, baba yuko wapi? Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira naye. Nikasema amekufa. Lilitoka tu. Ukaenda kucheza. Nilijiambia kesho nitarekebisha. Kesho ukamwambia jirani, jirani akaja kunipa pole, nikaipokea ile pole. Baada ya hapo sikujua nianzie wapi."

Chiriku alimtazama kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. Hakukuwa na machozi usoni mwake. Kulikuwa na kitu kama mshangao wa mtu anayefanya hesabu na jibu linakataa kubadilika.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemuua," alisema.

Bibi alisikia kutoka kwenye kiti chake, akafumba macho.

Mama Chiriku angeweza kusema usiseme hivyo. Angeweza kusema yeye ndiye aliyetukimbia. Yote hayo yalikuwa kweli na yote yalimfika mdomoni. "Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Baadaye Chiriku akasimama mwenyewe, akapita mbele ya mama yake, akamshika Bibi mkono, na wakarudi nyumbani hivyo: mbele mtoto na bibi yake, nyuma, hatua kadhaa, mwanamke mwenye vumbi kwenye gauni la buluu.

*

Wiki iliyofuata nyumba ile haikuwa na sauti. Chiriku alijibu alichoulizwa, akala alichopewa, akalala na Bibi. Kazini, watoto waliendelea kuja kukiomba kile kitabu, na kila mara Mama Chiriku alikitoa bila kukitazama. Mkuu alimuuliza kama ameanza kuugua. Alisema hapana. Watu walimfikia kaunta wakamwambia hawajui wasome nini, naye akawaelekeza kwa dada wa watoto au kwa Mzee Magazeti, na Mzee Magazeti akawapa wote kitabu cha nyuki.

Jumamosi Chiriku alikuja maktaba kama kawaida yake, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alikaa kwenye meza ya watoto, ile fupi, akafungua kitabu kikubwa cha picha za samaki.

Mchana kati mwanamume aliingia. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lenye mikunjo ya kutoka dukani, na alisimama katikati ya mlango akiwazuia wengine, akitazama rafu kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mikono yake alikuwa ameisugua mpaka ikawa myekundu, lakini rangi ya viatu ilibaki kwenye kucha. Mama Chiriku alimwona, kalamu ikamponyoka. Foleni ya kuazima ilikuwa ndefu. Fundi akajipanga, akangoja zamu yake. Alipofika mbele alishika ukingo wa kaunta.

"Karibu," alisema Mama Chiriku, kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza.

"Ahsante." Fundi alitazama nyuma, akaona foleni inamtazama. "Nina mtoto hapa," alisema.

Hakuna aliyeelewa kilichokuwa kimesemwa, isipokuwa watu wawili au watatu. Mzee Magazeti aliweka gazeti chini. Mama Chiriku angeweza kumfukuza, na haki alikuwa nayo. Alitoka nyuma ya kaunta, akavuka chumba, akainama kwenye meza fupi.

"Amekuja," alisema. "Yuko pale. Ukitaka aondoke nitamwambia aondoke. Ukitaka kumwona utamwona. Sitakusemea tena."

Chiriku hakugeuka. Kidole chake kilikuwa juu ya samaki mwenye mistari.

"Mwambie asubiri," alisema. "Nasoma."

Mama Chiriku alirudi akasema hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Fundi aliitikia kwa kichwa. Alitafuta kiti, na kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, cha watoto wadogo, chekundu, kwenye kona ya meza ile fupi. Akaketi. Magoti yalimfika kifuani. Mtoto mdogo aliyekuwa karibu alimtazama akacheka, naye hakuthubutu kujisogeza. Aliweka mikono yake juu ya magoti, akangoja.

Watu waliazima vitabu, wakaondoka. Wengine wakaingia. Jua lilihama dirisha moja hadi jingine. Na kwa muda huo wote Chiriku hakufunua ukurasa.